Historia ya dunia nyumbani: tusikwame kwa Firauni

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo linalowakuta wazazi wengi waliopata moyo wa kuwafundisha watoto wao historia nyumbani. Wanaanza kwa bidii, wananunua madaftari, wanatafuta vitabu, kisha safari inakwama njiani. Nami nazungumza nikijua ladha yake, kwa kuwa yamenikuta.

Nilipoanza, mtoto wangu mkubwa alikuwa darasa la tatu. Tulichagua usiku wa Alhamisi, kwa kuwa siku hiyo chuoni hawasomi na kesho yake ni Ijumaa. Tulianza na Misri ya kale, na tulistarehe sana. Tulichora mapiramidi, tukahesabu wafalme, tukasoma juu ya mto Naili na mafuriko yake. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukatukuta tungali Roma. Mara mtoto akafaulu kwenda sekondari, akahamia Unguja kwa ami yake. Siku moja alirudi Pemba kwa ajili ya Idi, akakaa barazani na wazee. Usiku akanijia taratibu akauliza: "Baba, hiyo sitini na nne wanayoitaja wazee kulitokea nini? Mbona babu akifika hapo hushusha sauti?"

Mtoto huyo aliweza kunitajia mfalme aliyejenga piramidi kubwa la Giza. Lakini hakujua kilichotokea katika kisiwa chake miaka michache kabla baba yake hajazaliwa. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu mimi niliyepanga mwendo, au niseme kweli, niliyekwenda bila ya mpango wowote.

Basi leo tutazame mpango huo unavyowekwa. Kwanza nieleze kwamba sisemi mtoto aondolewe skuli. Hapa Zanzibar, tangu elimu bila malipo ilipotangazwa tarehe 23 Septemba 1964, mahali pa mtoto ni skuli. Ninachosema ni masomo ya nyongeza, saa moja kwa wiki, kwa Kiswahili chetu. Hilo la lugha si dogo, kwani historia ya sekondari kwa miaka mingi imefundishwa kwa Kiingereza, na mtoto mwingi amehangaika na maneno hata asipate nafasi ya kuyatafakari mambo yenyewe.

Wako wenzetu waliolifikiria suala hili la mwendo kwa muda mrefu. Nchini Marekani ipo idadi kubwa ya familia ambazo hazipeleki watoto skuli kabisa, zinawafundisha nyumbani. Baadhi yao hufuata desturi ya kuigawa historia ya dunia katika miaka minne: mwaka wa kwanza zama za kale, wa pili zama za kati, wa tatu zama za safari za baharini na mapinduzi, wa nne zama zetu. Miaka minne ikiisha huanza tena upya, safari hii kwa kina zaidi kwa kuwa mtoto amekua. Mwandishi mmoja wa huko, Susan Wise Bauer, aliandika vitabu vinne kwa mpango huo, vinavyoitwa The Story of the World, na kila kimoja kina sura 42. Sasa piga hesabu. Mwaka wa masomo katika majimbo mengi ya Marekani una siku 180, yaani wiki 36. Sura 42 haziingii katika wiki 36 kwa kwenda sura moja kila wiki. Hata wenye kitabu mkononi, basi, hulazimika kukaa chini na kuamua lipi lisomwe, lipi liunganishwe, lipi liachwe.

Mgawo huo wa miaka minne ni mzuri na sisi tunaweza kuuchukua. Lakini kalenda hatuwezi kuichukua, kwa kuwa maisha ya Pemba si maisha ya huko. Hebu tuihesabu yetu.

Mwaka una wiki 52. Ondoa wiki nne za Ramadhani na moja ya Idi inayofuata, zimetoka tano. Ondoa moja ya Idi Kubwa. Ondoa wiki nne za mitihani ya skuli, ambapo mtoto hana nafasi ya jambo jingine. Ondoa wiki nane za karafuu, maana msimu ukiwa mzuri nyumba nzima iko shambani mchana, na usiku watu wamekaa juu ya majamvi wanachambua karafuu na makonyo. Kisha ondoa wiki nne za arusi, misiba na maradhi, mambo ambayo hayaandikwi katika ratiba lakini hayakosi kuja. Jumla umeondoa wiki 22. Zimebaki 30.

Usizijaze zote 30. Panga masomo 24, na zile sita ziache tupu. Wiki hizo tupu ni akiba, kama mtu anavyoweka muhogo wa akiba shambani. Zitaliwa na somo lililotaka siku mbili, na swali la mtoto lililokupeleka mahali usipopatarajia, na usiku ambao hakuna aliyekuwa na nguvu. Masomo 24 kwa miaka minne ni masomo 96. Yaandike yote 96 katika ukurasa mmoja kabla ya kuanza. Ukiuona ukurasa huo utafahamu mara moja kwamba Misri haiwezi kupewa mwaka mzima.

Jambo jingine katika hesabu hii: usifunge masomo yako na miezi ya kizungu. Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na karafuu nazo haziji kwa wingi uleule kila msimu. Yape masomo namba, la 1 hadi la 96. Ukisimama wiki mbili, ukirudi unaendelea na namba iliyofuata, bila ya kujiona umechelewa.

Sasa tuingie katika masomo yenyewe. Kwanza tafuta kamba ndefu ya usumba. Kila mkono mmoja wa kamba, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, uwe miaka 100. Mikono 50 ni miaka 5,000, tangu maandishi ya kwanza ya Iraki na Misri hadi karibu na leo. Ifunge ukutani au itandaze uani. Kila somo likimalizika, mtoto afunge kitambaa mahali pake. Kamba hiyo inafundisha jambo ambalo kitabu hakiwezi kulifundisha kwa urahisi. Ukoloni wa Kiingereza hapa, tangu 1890 hadi 1963, haufiki mkono mmoja. Wareno tangu 1498 hadi walipotolewa Mombasa mwaka 1698 ni mikono miwili. Kabla ya hapo kuna mikono mingi ambayo watu wa pwani hii walikuwa wakijenga, wakisafiri na kufanya biashara.

Mwaka wa kwanza uchukue tangu mwanzo hadi kiasi cha mwaka 600. Hapo pana Misri, Iraki, Kushi iliyokuwa Sudani ya leo, Uhindi, Uchina, Uyunani na Roma. Ukiipa kila moja masomo matatu umetumia 21, na bado yako matatu. Matatu hayo yape Bahari ya Hindi na pepo zake, kaskazi na kusi, ambazo mtoto wa Pemba anazijua kwa ngozi yake. Katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kiyunani alieleza safari za pwani hii katika kitabu kinachojulikana kama Periplus, akakitaja kisiwa alichokiita Menouthias. Wataalamu wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Mwache mtoto naye abishane. Ni vyema ajue mapema kwamba hata wataalamu wana maswali.

Mwaka wa pili ni tangu 600 hadi 1500, na hapa ndipo Pemba inapofungua mlango wake wenyewe. Utasoma kudhihiri kwa Uislamu, kujengwa kwa Baghdad mwaka 762 na kubomolewa kwake na Wamongoli mwaka 1258, hija ya Mansa Musa wa Mali mwaka 1324, na tauni iliyoingia Ulaya miaka ya 1340. Lakini katikati ya hayo tia masomo ya nyumbani. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad, alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu hadi Oman mwaka 916, na wataalamu wengi wanaona Qanbalu ni Pemba, wakilielekea gofu la Ras Mkumbuu. Huko Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, wachimbaji wa mambo ya kale walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa hapahapa, pamoja na dinari chache za dhahabu za Makhalifa wa Fatimiya waliotawala Misri. Mtoto akisikia hayo, Misri haiwi tena nchi ya mbali iliyoishia kwenye mapiramidi. Mwisho wa mwaka huo nendeni Pujini, kwenye ngome ya Mkama Ndume, na Chake Chake kwenye makumbusho yaliyomo ndani ya ngome kongwe. Safari moja kama hiyo ihesabu kuwa masomo mawili.

Mwaka wa tatu, tangu 1500 hadi 1850, ndio mwaka wenye mambo mengi na ndio unaowashinda wengi. Dawa yake ni kutofuata wafalme mmoja mmoja. Fuata vitu. Mpe mtoto karafuu moja mkononi na umuulize imetoka wapi. Atasema shambani kwa babu. Mwambie hapana, turudi nyuma. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Waholanzi waliishikilia biashara hiyo kwa nguvu katika karne ya 17, hata wakang'oa mikarafuu mahali wasipotaka iote. Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuipeleka miche Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Zanzibar. Katika miaka ya 1820 watu wa Seyyid Said wa Oman waliitwaa Pemba kutoka kwa Mazrui wa Mombasa, na mashamba yakaendelea kupandwa. Yakapandwa na kuchumwa na nani? Na watumwa walioletwa kutoka bara. Usiliruke neno hilo. Katika karafuu moja umepita Indonesia, Uholanzi, Ufaransa, Oman na Afrika bara, na umegusa utumwa, ambao vitabu vingi huutaja kana kwamba ulikuwa jambo la Amerika peke yake.

Kitu cha pili ni sahani ya chakula. Muhogo, mahindi, nanasi na papai asili yake ni Amerika, na vilienea duniani baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kitu cha tatu ni maneno. Meza, leso, bendera na karata tumezipata kwa Wareno. Mtoto ataona kwamba historia ya dunia imo jikoni na mdomoni mwake. Karafuu ipe masomo manne, vyakula viwili, Wareno na Oman sita. Yaliyobaki 12 yagawie Uturuki, Uhindi, Uchina, Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, uhuru wa Haiti wa 1804 na viwanda vya Uingereza.

Nadhani sasa unaiona kanuni yenyewe. Mwendo wa historia si mwendo wa gari moshi ambalo huenda kasi moja tangu kituo hadi kituo. Penye kitu cha kushika mkononi, kaa. Pasipo na kitu, pita kwa heshima, mtaje mfalme na tarehe yake, funga kitambaa kwenye kamba, uendelee. Ukijikuta umebaki nyuma, usianze kusoma masomo mawili kwa usiku mmoja. Mtoto hatashika hata moja. Kata moja, liache lizama, mzunguko wa pili utaliokota. Haraka haraka haina baraka, lakini na kukaa sana nako ni kupoteza safari.

Na ipo sheria moja ambayo nakuomba uishike kuliko zote. Mwaka ukiisha, umekwisha. Hata kama masomo matano yamebaki, fungua mwaka mpya. Mimi ningeishika sheria hiyo, mwanangu angefika karne ya ishirini kabla ya kuhamia Unguja.

Tumefika mwaka wa nne, tangu 1850 hadi leo, ambao ndio sababu ya mazungumzo yangu. Panga mwaka huu kabla ya ile mitatu. Anza na tarehe ambazo hutaki mtoto azikose, kisha urudi nyuma ukijaza. Kimbunga cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba kwa sehemu kubwa, hata Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Himaya ya Kiingereza ya 1890. Vita vya tarehe 27 Agosti 1896, ambavyo havikutimiza saa moja. Amri ya 1897 iliyoondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Vita viwili vikuu vya dunia, uhuru wa Uhindi 1947, uhuru wa Ghana 1957. Kisha uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992, maandamano na mauaji ya Januari 2001 yaliyowafanya watu zaidi ya 2,000 wakimbilie Shimoni nchini Kenya, maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyoleta serikali ya umoja wa kitaifa.

Nimeyataja kwa mfululizo makusudi. Wazazi wengi wakiulizwa kwa nini hawakuyafikia hayo, husema muda haukutosha. Nami nilisema hivyo. Lakini nilipojihoji vizuri nikaona kwamba Firauni hakunichelewesha kwa bahati mbaya. Kwa Firauni nilikuwa na raha. Hakuna jirani atakayekasirika ukimsema Firauni, na hakuna mzee atakayenyanyuka barazani. Huku mbele kulikuwa na mambo ambayo nyumba moja huyasimulia kwa furaha na nyumba ya pili huyasimulia kwa machozi, na nikajikuta kila wiki naongeza piramidi moja ili nisifike.

Kutofika huko hakumlindi mtoto. Atayasikia tu, barazani, kwenye kampeni, katika simu yake ya mkononi, na atayasikia kutoka kwa mtu anayetaka jambo fulani kwake. Ni bora ayasikie kwanza kwa mzazi, taratibu, mahali anapoweza kuuliza.

Na yapo ya kufanya ili yasikushinde. Mfundishe mtoto kutenga mambo matatu: kilichotokea na tarehe yake, nani anayesimulia, na msimulizi huyo alikuwa wapi siku hiyo. Mpeleke kwa mzee mmoja akamsikilize, kisha kwa wa pili aliyekuwa upande mwingine. Aandike yote mawili katika daftari, kurasa zinazotazamana. Usimlazimishe kuchagua usiku ule ule. Mtoto wa miaka 12 mwambie kiasi cha umri wake. Wa miaka 16, katika mzunguko wa pili, mwambie zaidi. Utumwa uufanye hivyo hivyo, kwa kuwa katika koo zetu wamo waliomiliki na wamo waliomilikiwa, na aghalabu ni ukoo mmoja.

Wazee wenyewe pia wana kalenda yao. Mzee aliyekuwa na miaka 15 wakati wa Mapinduzi alizaliwa mwaka 1949 au karibu yake. Somo lake haliwezi kusubiri mpaka tumalize Roma. Ikiwa babu wa mwanao yuko hai na kumbukumbu zake zingali imara, mtoe katika mpangilio, mweke wiki hii, na kamba itajua pa kumfunga.

Yule mwanangu nilimjibu usiku ule wa Idi. Nilimwambia nilichokijua, nikamwambia na nisichokijua, na asubuhi tukaenda pamoja kwa babu yake, naye alizungumza mpaka adhuhuri. Kwa mdogo wake nilianza na ukurasa wenye masomo 96, na la 96 ndilo nililoliandika mwanzo.

Kwa leo naishia hapa. Panapo majaaliwa tukutane tena wiki ijayo.